Mshale wa Mafuta na Kiti cha Nyuma

Katuba, Elisabethville
Jumanne, tarehe 1 Novemba 1960

Mimi Mwansa Donatien, mwandishi wa maombi na barua za watu, ninafungua maandishi haya kwa sababu moja iliyo wazi: kipimo cha mafuta cha gari langu hakisemi kweli, nami sijapata kuona malalamiko yasiyo na tarehe yakisikilizwa popote. Meza yangu iko kando ya ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu. Watu huniletea shida zao zikiwa zimekunjamana, nami huzinyosha. Haifai mtu wa namna hiyo ashindwe kueleza shida yake mwenyewe.

Gari lenyewe ni la rangi ya maziwa. Nililipata mwezi wa Julai kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akiondoka na masanduku yake. Wanawake wa mtaa wameliita Mama Mukubwa, kwa kuwa huenda taratibu na hulalamika njiani. Sijalikataa jina hilo.

Juzi Jumapili nilikwenda stesheni pamoja na mke wangu Julienne kumpokea mama yake, aliyewasili kwa treni kutoka Sakania. Anaitwa Bana-Chanda, yaani mama wa Chanda, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Amekuja kwa sababu Julienne ana mimba, na ni mtoto wetu wa kwanza. Kwa desturi yetu siruhusiwi kumtazama usoni wala kusema naye, hadi siku ambayo yeye mwenyewe atapika na kuniingiza rasmi katika ukoo. Kwa hiyo hakai chini ya paa langu. Amefikia kwa mdogo wake, katika mtaa wa Kampemba. Ndani ya gari anakaa nyuma ya mgongo wangu, kioo cha kutazamia nyuma nimekigeuza kielekee dari, na maneno yote yanapita kwa Julienne aliyeketi mbele pamoja nami.

Jambo ninalolalamikia ni hili: tulipokuwa tukimpeleka Kampemba, mshale wa mafuta ulionyesha tangi limejaa. Tulipofika nyumbani ulionyesha robo.

Alhamisi, tarehe 3 Novemba

Mvua ya kwanza iliyo ya kweli. Paa linasema vizuri. Mshale: robo.

Jumapili, tarehe 6 Novemba

Tulimpeleka Bana-Chanda kanisani na kumrudisha. Mshale ulijaa tena, bila mimi kuongeza hata tone. Nilimshukuru Mungu kwa uchache wa matumizi ya gari hili.

Jumapili, tarehe 13 Novemba

Ninaandika nikiwa na matope hadi magotini, na fedheha hadi juu zaidi.

Baada ya misa tulianza safari ya Kampemba. Mshale ulikuwa juu kabisa, umesimama kama askari. Tulipopita soko, gari lilikohoa mara mbili, likatetemeka, likazima. Nilifungua boneti. Nikafunga boneti. Kisha nikafungua kifuniko cha tangi na kulitikisa gari kwa bega, na ndani hapakuwa na sauti yoyote. Tangi lilikuwa kavu.

Mvua ilianza wakati huohuo. Nilisimama upande wa pili wa gari, nikiupa mgongo mlango wa nyuma kama inavyopasa, na nikasikia sauti ya mama mkwe wangu ikimwambia binti yake:

"Uliza bwana yako, tunangoja nini?"

"Anasema essence imekwisha, mama."

"Si ulisema sindano iko juu?"

"Iko juu, mama. Hata sasa nimeiona."

"Basi njo sindano ya nani?"

Alishuka, akakunja kitenge chake cha Jumapili, akaenda kwa miguu. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na hodari wa mwendo. Matope yalimheshimu kwa shida. Sikugeuka mpaka Julienne aliponiambia kwamba amekwisha kupinda kona.

Jumatatu, tarehe 14 Novemba

Neno la Bana-Chanda limefika, likiletwa na Julienne, naye alilisema akiwa amekaa kitandani na kutazama miguu yake iliyovimba.

"Mama anasema mutoto wa kwanza anazaliwa kwa mama ya muke. Bile bankambo, ba babu yetu bote, balifanya. Kisha ya Noeli ananipeleka Sakania."

Nilimkumbusha kwamba mtawa mkunga wa hospitali ya mjini alimpima, akasema nyonga zake ni nyembamba, na kwamba mtoto huyu asizaliwe mbali na daktari.

"Nilimwambia. Anasema daktari ni muzuri, lakini daktari iko mu ville na sisi tuko Katuba. Anasema: bwana yako hajui kama motokari yake iko na essence. Siku ya uchungu atakufikisha wapi, ku soko?"

Linaloniuma ni kwamba ametoa hoja iliyojengwa vizuri.

Jumatano, tarehe 16 Novemba

Nimemwandikia Bana-Chanda ombi rasmi, kurasa mbili, nikianza na "Kwa heshima iliyo kuu na unyenyekevu usio na mipaka". Nimeeleza maoni ya mtawa mkunga, hali ya barabara ya Sakania, na nia yangu thabiti ya kuurekebisha mtambo husika. Julienne atamsomea.

Alhamisi, tarehe 17 Novemba

Jibu: "Barua yake iko muzuri sana. Nilitaka hata kulia. Essence iko wapi?"

Jumatatu, tarehe 21 Novemba

Jana mshale ulijaa tena njiani kwenda kanisani na kurudi. Tukirudi nyumbani sikuutazama; leo asubuhi umeshuka hadi robo. Gari halikuondoka uani usiku kucha. Basi mafuta yamekwenda wapi?

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ni Bwana Paulin, mtu wa Kasai, muuza unga wa mahindi katika soko la Kampemba. Ana pikipiki. Pikipiki hunywa mafuta.

Jumanne, tarehe 22 Novemba

Jana nilianza kuandika malalamiko dhidi ya Bwana Paulin kwa ofisi ya komini. Yalikuwa yakienda vizuri, sentensi moja ikiizaa nyingine. Julienne alisimama nyuma yangu akasoma.

"Paulin?"

"Ushahidi unamwelekea."

"Paulin iko Jadotville tangu Ijumaa. Iko ku kilio ya shemeji yake. Nani alivuta essence, pikipiki peke yake?"

Nilisema kwamba nitaiondoa tarehe. Hakucheka, naye ni mtu wa kucheka.

"Mwansa. Sasa hivi unajua mambo iko namna gani mu mji, bantu ba Kasai banafukuzwa. Jina ya muntu wa Kasai ukiiandika ku karatasi, karatasi inatembea yenyewe. Hautaisimamisha."

Nimeichana karatasi hiyo. Kisha nimechana vipande. Ukweli ni kwamba nimekaa miaka mingi nikiamini kwamba neno likipangwa vizuri haliwezi kudhuru, na jana nilipanga vizuri neno ambalo lingemtoa mtu nyumbani kwake.

Ijumaa, tarehe 25 Novemba

Bwana Paulin amerudi. Ametuletea kikapu cha maembe ya Jadotville kwa ajili ya Julienne, "juu mutoto ndani asikie utamu". Nilipokea kwa mikono miwili, nikaanza kuyahesabu. Alinitazama kwa mshangao. "Mwandishi, uko na homa?"

Jumamosi, tarehe 26 Novemba

Nimekata fimbo ya mpera iliyonyooka, nikaimenya. Inaingia mpaka chini ya tangi na kutoka ikiwa imelowa kwa kiasi cha mafuta yaliyomo. Tangu sasa, mshale utaulizwa mbele ya shahidi.

Jumapili, tarehe 27 Novemba

Asubuhi kabla ya kuondoka: fimbo yasema robo, mshale wasema robo. Makubaliano kamili.

Tulipomchukua Bana-Chanda kwenye lango la mdogo wake na kwenda mbele kidogo: mshale umejaa.

Kwenye uwanja wa kanisa, watu wakitazama, nilitumbukiza fimbo katika tangi langu nikiwa nimevaa tai: robo hafifu.

Kwa hiyo hakuna mtu yeyote aliyeiba chochote wakati wowote. Mshale wenyewe ndio uliokuwa ukitia mafuta ya hewa kila Jumapili na kuyamwaga kila Jumatatu. Nilitamani kwenda kumwomba radhi Bwana Paulin, lakini ningemwomba radhi kwa tuhuma ambayo hakuwahi kuisikia. Nimemsalimu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumamosi, tarehe 3 Desemba

Fundi Kapya wa gereji ya barabara ya tatu amekitoa kipimo kwenye dashibodi na kuweka kingine, alichokitoa katika gari lililogongwa. Amesema kwa uhakika kabisa kwamba sasa imekwisha.

Jumapili, tarehe 4 Desemba

Haijakwisha.

Jumatano, tarehe 7 Desemba

Kapya anasema ni unyevu wa masika unaoingia kwenye nyaya. Nilimwonyesha kwa tarehe kwamba wiki iliyopita mvua ilinyesha Jumanne, Jumatano na Ijumaa, na siku hizo mshale ulisema kweli. Na kwamba Jumapili ya kwanza ya Novemba jua lilikuwa likiwaka, na mshale ulidanganya. Alijifuta mikono kwa muda.

"Donc, basi, motokari yako ni ya kuomba. Siku ya Mungu inajazwa na Roho."

Wateja wake wote walicheka. Nami pia, nilipofika mbali kidogo.

Jumapili, tarehe 11 Desemba

Umejaa. Bana-Chanda ameuliza treni za baada ya Noeli zinaondoka siku gani.

Jumapili, tarehe 18 Desemba

Leo nimeona.

Kwa kawaida tukifika Kampemba mimi hushuka kwanza, nazunguka upande wa pili wa gari na kutazama mtaa, ili Bana-Chanda ashuke bila macho yangu kumwangukia. Leo mvua ilikuwa ikipiga kwa namna ambayo mtu hawezi hata kufungua mdomo. Julienne alisema, "Bakia ndani, utalowa bure." Nilibaki. Injini ilikuwa ikiendelea kufanya kazi kwa kuwa betri ni dhaifu. Na kwa kuwa nilibaki, ilinipasa kuyaweka macho yangu mahali palipo na adabu. Niliyaweka kwenye dashibodi.

Mshale ulikuwa umejaa.

Nyuma yangu springi za kiti zililia. Mlango ulifunguliwa. Bana-Chanda alishuka.

Mshale ulianza kushuka naye. Ulishuka bila haraka, kwa heshima, ukapita nusu, ukatulia kwenye robo. Mlango ulifungwa.

"Twende," alisema Julienne. "Unaangalia nini?"

Nilitia gia, tukarudi Katuba.

Jumatatu, tarehe 19 Desemba

Nimemweleza Julienne, kwa maneno niliyoyachagua usiku kucha: kwamba yumkini upo mnasaba fulani kati ya hali ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, na hali ya mshale.

Alinitazama.

"Unasema mama ni munene."

"Sijasema hivyo."

"Unasema mama akiikala, motokari inachanganyikiwa."

"Nimesema yumkini upo mnasaba."

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, nami nikaogopa. Kisha akanyamaza ghafla, akanishika mkono wa shati.

"Mama asijue. Mwansa, mama asijue hata kidogo! Mukwe kusemea kilo ya mama-mukwe? Hata kuku kumi haitaosha ile."

Nilimhakikishia kwamba afadhali niumeze mshale huo.

Jumanne, tarehe 20 Desemba

Jambo lisilojaribiwa ni tetesi tu. Lakini mimi ni mwembamba. Nilikalia kiti hicho na mshale haukunitambua. Julienne haifai kurukaruka. Nikamwendea Bwana Paulin.

"Bwana Paulin, naomba uniazime mifuko ya unga kwa muda mfupi."

"Unapeleka bunga wapi, Mwandishi?"

"Hakuna mahali. Naomba tu ikae."

"Ikae?"

"Ikae kwenye gari."

Alibeba mfuko wa kwanza begani mwenyewe, akauweka nyuma ya kiti changu. Niliwasha. Mshale: robo. Akaleta wa pili, akauweka juu ya wa kwanza. Springi zililia sauti ileile ya Jumapili, na mshale ukapanda, ukapanda, ukajaa.

Bwana Paulin aliutazama mshale. Akaitazama mifuko miwili. Akakitazama kiti. Niliona fikra ikimjia usoni, wala sikuwa na la kuizuia.

"Ee, Mwandishi! Hapa si njo nafasi ya..."

"Nakuomba, kwa ujirani wetu wote."

"Sikuona kitu." Aliweka mkono kifuani. "Mie ni muuza bunga. Bunga haisemake."

Lakini alikwenda nyumbani kwake akiwa ameziba mdomo kwa kofia, na ukuta wetu ni mwembamba.

Jumatano, tarehe 21 Desemba

Nimeking'oa kiti. Ufafanuzi ni huu. Tangi liko nyuma, na ndani yake kuna kiboya kinachopanda na kushuka kulingana na mafuta. Kutoka hapo waya mmoja unapita chini ya kiti, upande wa kushoto, mpaka kwenye kipimo. Springi mbili za upande huo zimekatika, na ncha zake zimeukwangua waya hadi shaba ikaonekana. Mtu mwepesi akikaa, ncha haifiki. Mtu mwenye heshima yake akikaa, ncha inagusa, nguvu ya umeme inapotelea kwenye bati la gari kabla ya kufika kwenye kiboya, na mshale unaamini kwamba tangi limejaa. Mwalimu yule Mbelgiji hakuwa na mama mkwe wa kumweka hapo, ndiyo maana hakujua.

Na sisi tusingalipata kosa hili kama si adabu. Kama Bana-Chanda angelikaa popote, siku hii kulia na siku ile mbele, ningelizunguka nalo miaka. Yeye alikaa mahali pamoja tu, nyuma ya mgongo wangu, kama inavyopasa.

Nimeuvika waya mpira wa tairi ya baiskeli, nikauhamisha kando, nikazifunga springi kwa kamba ya chuma. Bwana Paulin alileta tena mifuko yake bila kuitwa. Miwili: robo. Mitatu: robo. Tulipeana mikono.

Alhamisi, tarehe 22 Desemba

Taarifa imepelekwa Kampemba kwamba gari limepona. Bana-Chanda ameuliza: ugonjwa ulikuwa gani?

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimpa Julienne sentensi hii: "Waya ulikuwa umebanwa na sehemu ya gari isiyopaswa kuubana." Ni kweli kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini Julienne amerudi amejiinamia.

"Aliuliza sehemu gani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema panya. Nikasema panya walikula waya."

Sikuridhika. Miaka yote hii sijapata kutia sahihi kwenye uongo.

"Naye akasema nini?"

"Akasema: panya ya kula siku ya Mungu tu? Kisha akasema atangoja. Hatanipeleka kisha ya Noeli. Lakini motokari ikimutembeza tena mu matope, hata mara moja, nitapanda train naye kesho yake, hata tumbo iko namna gani."

Jumapili, tarehe 25 Desemba

Noeli. Bana-Chanda alikaa, springi zililia, mshale haukutikisika: nusu kwenda, nusu kurudi, na fimbo ikasema nusu. Niliimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko sauti niliyopewa.

Jumatatu, tarehe 2 Januari 1961

Mwaka mpya. Uyoga umejaa sokoni. Julienne anakula kila kitu.

Jumapili, tarehe 15 Januari

Mshale wasema kweli. Fimbo yasema vivyo hivyo. Hata hivyo ninapima tangi bado kila asubuhi. Imani iliyovunjika hurudi kwa miguu.

Jumamosi, tarehe 28 Januari

Mvua siku sita. Bana-Chanda sasa anakuja Katuba mchana, wakati mimi niko mezani kwangu, anampikia Julienne na kuondoka kabla sijarudi. Ninajua alikuwapo kwa sufuria zilizong'aa.

Ijumaa, tarehe 3 Februari

Pampu ya karibu haina kitu, na ya mbali haina kitu pia. Mshale: robo. Nimeamua gari lisiende popote hadi siku yenyewe. Ninatembea.

Jumatano, tarehe 8 Februari

Ninaandika ya jana.

Ilikuwa baada ya saa sita mchana. Nilikuwa nikimwandikia mjane mmoja ombi lake la nyumba, nikiwa kwenye neno "kwa hiyo", niliposikia pikipiki. Bwana Paulin hakuizima.

"Mwandishi, panda! Julienne iko na uchungu!"

Mjane mwenyewe ndiye aliyenisukuma. Tulipofika nyumbani, Bana-Chanda alikuwa amekwisha kumtoa Julienne hadi uani, naye hakuwa na nafasi ya kujificha, wala mimi sikuwa na mahali pa kugeukia. Nilitazama ardhi. Walikaa nyuma wote wawili, mama nyuma yangu mahali pake, na Julienne amelala, kichwa mapajani mwa mama yake. Niliwasha. Robo.

Njia ya bondeni, ile fupi, ilikuwa imefunikwa na maji kutoka ukingo hadi ukingo. Kulikuwa na askari jendarme mmoja aliyevaa koti la mvua, akipunga mkono.

"Hamupite hapa! Muzunguke kule juu!"

Kule juu ni mbali mara mbili. Niliutazama mshale. Mama mkwe wangu aliona bega langu likiinama kuutazama.

"Julienne," alisema, "muulize bwana yako, essence itafika?"

Julienne alivuta pumzi. "Mwansa, mama anauliza..." Kisha uchungu ukamshika, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, na ilipomwachia akasema, tena kwa hasira ya kweli:

"Musemezane ninyi bawili! Mie niko na kazi hapa!"

Wiper ilikwenda na kurudi. Miezi mitatu ya adabu ilikaa kati yetu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuikanyaga.

"Mukwe," ilisema sauti nyuma ya shingo yangu.

"Naam, mama."

"Sindano inasema nini?"

"Inasema robo, mama."

"Ya kweli?"

Wakati huo nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na "kwa kadiri ya uchunguzi nilioufanya" na "sina shaka yoyote isipokuwa". Nilisema:

"Ya kweli, mama."

"Robo inafika kwa kuzunguka?"

"Inafika. Na kidogo inabakia."

"Njo uende. Na geuza kile kioo, utatutupa mu mufereji!"

Niliinua mkono nikakigeuza kioo kutoka darini. Ndani yake, kwa mara ya kwanza, niliyaona macho ya mama mkwe wangu. Yalikuwa macho ya Julienne, yaliyokaa duniani muda mrefu zaidi. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa na hofu ileile iliyokuwa ndani yangu. Nikajua kwamba Sakania haikuwa adhabu aliyoipanga dhidi yangu. Alikuwa akitafuta tu mahali ambapo angekuwa na uhakika wa kitu.

Tulizunguka. Katika mlima nilisikia tangi likipiga mawimbi madogo, na mshale ukayumba, ukarudi mahali pake. Sijui kama nimewahi kukitazama kitu kwa upendo namna ile. Tulipoingia lango la hospitali ulikuwa umeshuka hadi upana wa kucha juu ya mstari wa mwisho, na injini haikukohoa hata mara moja.

Daktari aliingia, na daktari alihitajika. Mtawa mkunga alitoka jua likikaribia kuzama, akasema ni msichana, na mama yake ni mzima, na kwamba kama tungechelewa asingependa kueleza ambayo yangetokea.

Bana-Chanda na mimi tulikuwa kwenye benchi moja, yeye ncha ile na mimi ncha hii. Tulilia kila mtu upande wake.

Jumanne, tarehe 14 Februari

Redio imetoa habari ya kifo cha waziri mkuu aliyepinduliwa, nayo kila mtu anaizungumza kwa sauti ya chini. Watu wamefunga milango mapema. Ndani ya nyumba yetu ni mtoto tu anayepiga kelele. Bwana Paulin alikuja kukaa nasi jioni, nami niliufunga mlango nyuma yake kwa mkono wangu.

Jumapili, tarehe 19 Februari

Bana-Chanda ametuma neno: kwa kuwa mdomo umekwisha kusema kabla ya sahani, sahani haiwezi kuchelewa. Jumapili ijayo ataniingiza.

Jumapili, tarehe 26 Februari

Walikuja kutoka Kampemba wanawake wanane wakiimba, vyungu vichwani. Bukari, yaani ugali, kuku mzima ambaye hakupungukiwa kiungo, sombe ya majani ya muhogo, uyoga, viwavi, na kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Kila chungu kilifunguliwa mbele yangu na kutajwa jina, nami nilionja kila kimoja. Bwana Paulin alisimama upande wangu kama ndugu, kwa kuwa ndugu zangu wako mbali, na akala kwa niaba ya ukoo mzima.

Kisha Bana-Chanda aliketi mkekani mbele yangu, uso kwa uso, mjukuu mapajani. Mtoto tumempa jina lake, Mwape, alilopewa yeye alipozaliwa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi ya shukrani. Aliinua mkono kabla sijakohoa.

"Mukwe, sasa tunasemezana, hapana?"

"Tunasemezana, mama."

"Njo niko na ulizo moja."

"Naomba uulize, mama."

"Nilisikia ulinipima na mifuko ya bunga."

Bwana Paulin alipata ghafla shughuli nyingi ndani ya sahani yake. Bunga haisemake! Wanawake wanane waliacha kutafuna. Julienne alitazama dari.

"Ilikuwa mifuko ngapi?"

Mimi Mwansa Donatien, nisiyepata kutia sahihi kwenye uongo, nilimtazama mama mkwe wangu machoni.

"Mumoja, mama. Tena haukujaa."

Mabega ya mama mkwe wangu yakaanza kutikisika, kicheko kikapanda kutoka mahali pa mbali, mpaka mtoto akaamka na kushangaa.

"Julienne," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, "nilitafuta motokari ya kusema kweli. Sasa motokari iko sawa. Bwana njo ameharibika!"

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Tumempeleka Bana-Chanda stesheni kwa treni ya Sakania. Mvua zimepungua. Safari hii alikataa kiti cha nyuma. Alikaa mbele, kando yangu, na Julienne nyuma na mtoto. Njia nzima aliuangalia mshale kwa jicho la mwenye mali.

"Nusu," alisema tulipotoka.

"Nusu, mama."

"Nusu," alisema tulipofika, akashuka.

Nilibaki nikiutazama. Haukusogea.